Kila Nyumba Bega Moja

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu Jovina, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuongea peke yangu jikoni. Namwambia, "Wifi, hebu geuza hizo ndizi zinaungua," halafu nakumbuka. Tumeishi naye nyumba moja, jiko moja, zaidi ya nusu ya umri wangu. Tumegombea mwiko, tumenuniana wiki nzima kwa ajili ya sufuria, tumecheka mpaka machozi yametutoka. Waliokuja kuhani walisema maneno yale ya misibani, kwamba alikuwa mama mwema, mcha Mungu, mpole. Mpole! Nilitamani kusimama niwaambie hamkumjua. Jovina alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza si upole hata kidogo. Anayetaka kumjua itabidi aujue mwaka mmoja tu wa ujana wetu, mwaka ambao kitongoji chetu kiliishiwa mabega na yeye ndiye aliyetakiwa kuyaleta.

Sisi ni wa Nyakakika, upande wa juu, ambako nyumba zimekaa mgongoni mwa kilima na barabara iko ng'ambo ya bonde. Siku hizi bodaboda inafika mpaka mlangoni kama mvua haijaikata njia, lakini wakati ule mgonjwa asiyeweza kutembea alitoka huku kwa engozi tu. Engozi ni machela ya kusuka kwa fito na kamba, ndefu kuliko mtu, yenye miti miwili ya kubebea. Ya kwetu ilitundikwa juu kabisa kwenye boriti za jiko ili ipate moshi, isiliwe na wadudu. Ilikaa kwetu kwa sababu baba yangu, Ta Kajuna kama watu walivyomwita kwa heshima, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wabebaji. Sheria zenyewe kila mtu alizinyonya na maziwa ya mama. Kila nyumba inatoa bega moja, la mwanamume. Ukisikia wito, jembe unaliacha hapo hapo lilipo. Wabebaji wanapokezana huku wanatembea, na engozi haigusi chini mpaka mlangoni kwa nesi, kwa sababu kuiweka chini njiani ni kumwambia mgonjwa kwamba mmemchoka. Na iliyokuwa kubwa kuliko zote: anayebeba awe na kaburi hapa. Yaani awe na wazee wake waliolala kwenye kibanja chake, shamba la nyumbani, chini ya migomba, kama wetu walivyolala nyuma ya nyumba. Wazee walisema anayekupeleka kwa nesi ndiye atakayekupeleka shimoni, na mtu hawezi kuzikwa na wapita njia. Nilipokuwa mdogo niliziona sheria hizi nzuri sana. Zilinifanya nijione mtu wa mahali fulani.

Basi Desemba moja, mimi nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, jirani yetu Ma Kezia alianguka akipalilia maharage, akavunjika nyonga. Wito ukapigwa. Nilikuwa nimesimama uani na beseni la ndizi, nikawaona wabebaji wakikusanyika, na kwa mara ya kwanza nikawaangalia kweli. Walikuwa wazee watupu. Ta Rujumba, ambaye akicheka kifua kilimpiga filimbi. Fundi seremala wa kanisani, mwenye mguu mmoja mfupi. Baba yangu mwenyewe, mvi mpaka kwenye nyusi. Vijana walikuwa Geita migodini, walikuwa Mwanza, walikuwa Kampala wakiuza sijui nini, na wengine, tena wengi, walikuwa chini ya migomba kwa ugonjwa ule ambao huku kwetu hatukuutaja kwa jina. Waliondoka na Ma Kezia wakimpa moyo. Jioni walirudi bila kusalimiana, na mke wa Ta Rujumba akatunong'oneza jikoni kwamba engozi imewekwa chini. Imewekwa chini bondeni, kwenye matope, Ma Kezia ndani yake akilia, si kwa maumivu, kwa aibu.

Siku ya pili wakakaa kikao sebuleni kwetu, juu ya nyasi kavu ambazo mimi na Jovina tulikuwa tumezitandaza asubuhi. Sisi tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, na kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta wa fito usioficha hata kikohozi. Tuliwatafutia buni za kutafuna, tukawapelekea, tukarudi kusikiliza. Mwanzoni walilaumu njia, halafu mvua, halafu uzito wa Ma Kezia, masikini ya Mungu, ambaye hakuwa na uzito wa gunia la mahindi. Mwisho Ta Rujumba akasema kile walichokuwa wamekuja kusema.

"Njia ni ile ile. Mabega ndiyo hakuna. Na hayapo kwa sababu hayazaliwi. Mama yangu alizaa akajaza nyumba. Wa siku hizi anazaa wawili, anashuka kwa nesi, anafunga duka."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wazima wenye wasiwasi. Yeye akaendelea, "Na usinielewe vibaya, Ta Kajuna waitu, ndugu yangu, hata hapa kwako ni hivyo hivyo. Mwanao yuko Geita, mkewe yuko hapa na mabinti wawili, basi, kimya. Nyumba ya mwenyekiti mwenyewe kesho haina bega."

Kisu cha Jovina kikasimama. Nikasubiri baba amjibu, amwambie hayo si mambo yako.  Nilisikia tu akitafuna buni, taratibu. Jovina akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya, na maganda yalikuwa yanatoka manene sana, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Nikamwambia wifi, tutalala njaa. Akaniangalia, wala hakutabasamu.

Lazima niseme walichokuwa hawakijui wale wazee, au walikijua wakakisahau. Binti wa pili wa Jovina karibu amtoe roho. Alipoteza damu mpaka nesi akaogopa, na alipopata nafuu nesi akamwambia nikisikia, "Mama, hawa wawili wanakutosha. Ukibeba tena, usikae huko mlimani kusubiri uchungu." Ndiyo maana akaanza vidonge. Aliviweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya rafu, na kila mtu jikoni alijua. Kaka yangu Projesti, mumewe, alijua pia, na akija likizo alisema wawili wanatosha, shamba lenyewe limebaki vipande. Kulikuwa na amani. Amani hiyo iliondoka na kile kikao, ikawa kila mwanamke anayepita kutusalimia macho yake yanaanzia tumboni kwa Jovina kabla ya kupanda usoni.

Kwetu baba mkwe hazungumzi na mke wa mwanawe mambo ya kuzaa. Baba akaniita mimi. Alikuwa barazani anachagua kahawa, anatupa mbovu pembeni, na hakuinua macho. "Koku, zungumza na mwenzako."

"Baba, nesi alisema..."

"Nesi nimemsikia. Simlazimishi mtu." Akaendelea kuchagua, halafu mikono ikatulia. "Mimi nimebeba watu hapa tangu sijaota ndevu. Baba yako mkubwa nimembeba. Mama yako nimembeba, akanifia begani, na sikumweka chini. Sasa wewe niambie. Mimi atanibeba nani?"

Nilikuwa na majibu makali tayari mdomoni, mimi ni mtu wa majibu, lakini sauti yake iliyafuta. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikimkumbuka baba ndivyo ninavyokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilitafuta mahali pa kukaa ikaona tumbo la mke wa mwanawe.

Nikampelekea Jovina ujumbe, nikimwambia palepale kwamba akatae, kwamba nitasimama naye. Alikuwa anakoroga uji wa watoto. Alikoroga mpaka ukaanza kushika chini ndipo akasema, "Wifi, unajua kwenda kisimani na kila mtu anakuona kama mwizi? Kitongoji kinakufa, na mwizi ni mimi." Krismasi Projesti alipokuja, Jovina alilishusha lile kopo, akavimwaga vidonge motoni mbele yangu. "Nitazaa," akasema. "Lakini mwambie baba na mimi nina neno langu. Siku yangu ikifika, nataka kubebwa na watu wenye nguvu. Awaingize watoto wa Baranaba."

Baranaba na familia yake waliishi bondeni, kwenye kipande cha kuazima kando ya kijito. Asili yao ni Rwanda, ingawa Baranaba mwenyewe alizaliwa huku huku. Walilima kwa watu, walifyatua matofali, Jumapili tulikaa nao benchi moja kanisani. Na walikuwa na vijana! Evaristi, mkubwa, na wadogo zake waliofuatana, mabega mapana, wacheshi, wakikusalimia shikamoo kutoka upande wa pili wa bonde ukasikia. Msimu wa kahawa walikuja kutuchumia, na mchana tulikula wote jikoni, ndizi na maharage kwenye majani, na bibi yao mkongwe waliyemwita Nyogokuru akitutania kwamba sisi Wanyambo tunapika ndizi laini kwa sababu ni wavivu wa kutafuna. Siku moja aliinua macho akaiona engozi juu ya boriti. Akasema hata kwao wanayo, na jina lake ni karibu hilo hilo. Akauliza, "Na wanangu mbona hawajaitwa kubeba?" Nikaangalia chini. Jovina, ambaye tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana, akamjibu, "Wataitwa, Nyogokuru."

Neno lake lilifikishwa kikaoni. Baba alilifikisha, sitamsingizia. Alilifikisha kama mtu anayetoa taarifa ya mbuzi wa jirani. Mimi na Jovina tulikuwa nyuma ya ule ukuta, safari hii tukichambua maharage. Ta Rujumba akasema, "Baranaba ni mtu mzuri. Lakini kaburi lake liko wapi? Wakifa wanapelekana Ihembe, makaburi ya kanisa. Leo wako hapa, kesho wamehamia Kyerwa. Nibebwe na mtu ambaye hana mfupa hata mmoja kwenye udongo huu?" Wengine wakaguna kukubali. Fundi seremala alijaribu kusema kwamba mguu wake unazidi kuuma, wakamwambia avumilie, bega la mwenyekiti liko njiani. Walimaanisha mtoto. Mtoto hajazaliwa, ameshapangiwa zamu! Niliinuka niingie niwaambie ukweli wao. Jovina akanishika gauni. "Kaa," akasema. "Nimesikia majibu." Toka siku ile hakulitaja jambo hilo tena, na baba alianza kumletea maziwa, kila asubuhi, anayaacha kwenye kizingiti cha jiko anaondoka bila neno.

Tulikuwa tumekubaliana aende akakae karibu na barabara wiki za mwisho. Projesti alikuwa amepata nafasi kwa rafiki yake. Uchungu haukungoja makubaliano. Ulimshika asubuhi moja ya Septemba, mvua za kwanza zimeshanyesha, mapema kuliko tulivyotarajia, na alipoinuka kitandani shuka lilikuwa na damu. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Nyakasimbi. Wazee wakaja mbio, mbio zao. Wakaishusha engozi, tukatandika godoro na kanga, tukamlaza. Baba alishika mti wa mbele. Mimi nikafuata na beseni na kifurushi cha nguo.

Mteremkoni walijitahidi. Walipofika bondeni pumzi zilikuwa zinasikika kuliko maji ya kijito, na miguu ya fundi ilikuwa inatetemeka waziwazi. Evaristi na wadogo zake walikuwa ng'ambo wanakanyaga udongo wa matofali. Wakaruka kijito, udongo mpaka magotini.

"Shikamooni wazee. Tuwapokee?"

Nikashusha pumzi, nikasema moyoni ahsante Mungu. Baba akamwangalia Evaristi, akawaangalia wenzake nyuma, na Ta Rujumba akawa anaangalia pembeni. Baba akasema, "Marahaba wanangu. Asanteni sana. Tumeshakaribia."

Tumeshakaribia! Zahanati ilikuwa juu ya mlima wa pili. Evaristi akanitazama mimi, kama anauliza amesikia vizuri. Wazee wakapita. Sijui walikwenda hatua ngapi, najua tu kwamba palipoanza kupanda Ta Rujumba alipiga magoti, kwa heshima zote, kama mtu anayesali, na engozi ikainama, ikakaa kwenye matope. Wakainyanyua. Ikakaa tena. Wakawa wamesimama pale, wazee wa kitongoji, mikono kiunoni, hakuna anayemwangalia mwenzake. Ndipo Jovina akainua kichwa. Uso ulikuwa wa kijivu. Alimwita baba mkwe wake moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba. Acha wanibebe. Mimi sijauliza makaburi yao yako wapi."

Baba aliachia mti. Sikungoja aseme kitu, nikageuka nikamwita Evaristi kwa nguvu zangu zote, na wale vijana walikuwa tayari wanakuja, walikuwa wanatufuata kwa mbali muda wote. Waliinyanyua wakapanda nayo mlima wakikimbia, wanapokezana bila kusimama, na haikugusa chini tena. Nilishindwa kuwafuata. Niliwaona tu wakipungua juu kule, na nyuma yangu wazee wakipanda polepole, mmoja mmoja.

Jovina alipona. Nesi alimzuia damu kadiri alivyoweza, gari likapatikana, akapelekwa hospitali kubwa, wakamtoa kizazi. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka kimya, mkubwa, mzuri, nywele nyingi, na nesi alisema angefika mapema kidogo labda. Akaishia kwenye hilo labda. Baba alimchimbia kaburi mwenyewe kwenye kibanja chetu, nyuma ya mgomba wa zamani, akakataa kupokewa jembe hata na Projesti. Alipomaliza alikaa juu ya udongo mbichi, mzee mzima, analia na kamasi zinamtoka, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Mimi nilikuwa nimeapa kutomsemesha. Nilimpelekea maji ya kunawa.

Nilidhani huo ndio mwisho. Jovina alirudi akiwa amekonda, akawa anakaa mlangoni na wanawe, haongei. Novemba ikaja na senene, wale panzi watamu, watoto wakawa wanakimbizana nao asubuhi kwenye majani yenye umande, jiko likanuka senene wa kukaanga, na yeye hakuonja. Asubuhi moja mke wa Baranaba akapanda kuja kutuaga: Nyogokuru amefariki, wanajiandaa kumbeba kwenda Ihembe, na mvua hizi, wasipotokea Jumapili kanisani tusishangae. Akaongeza, kwa aibu, kwamba wakitoka huko huenda wasirudi. Kuna watu Kyerwa wamewaahidi mahali, na shamba la kuzikia. Jovina alimsikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akajishika ukuta mpaka kizunguzungu kikapita, akaingia sebuleni alikokuwa baba. Nikamfuata. Siku hiyo hakuna ukuta ulionizuia.

"Baba, Nyogokuru azikwe hapa. Pale nyuma, ubavuni kwa mwanangu."

Baba alishtuka akaweka chini kikombe. "Mwanangu, kile ni kibanja cha ukoo."

"Na mwanangu alikuwa wa ukoo. Yuko peke yake kule. Apate bibi wa kumwangalia."

"Ukoo utaniuliza."

"Waje waniulize mimi." Hakupandisha sauti, Jovina hakujua kupandisha sauti. "Mlisema hamwezi kubebwa na mtu asiye na kaburi. Basi wapeni kaburi. Mimi tumbo langu limeshatoa lililokuwa nalo, halina kingine. Mabega mengine yatatoka wapi?"

Nilisikia watoto nje wakishangilia senene.  Baba akanyanyuka, akavaa kofia yake ya kanisani, akachukua jembe lile lile, akatoka. Alitelemka bondeni kwa Baranaba. Aliyotamka kule sikuyasikia, ila niliwaona wakipanda pamoja, yeye mbele, vijana nyuma na mwili wa bibi yao ndani ya blanketi. Ta Rujumba alikuja kabla shimo halijafika kiunoni. Akasimama kando, kifua kinampiga filimbi. "Kajuna, umegawa kibanja cha wazee."

"Sijagawa," baba akasema, bado anachimba. "Nimeongeza watu."

 Ta Rujumba alikaa mpaka mwisho, na ilipofika zamu ya kurudishia udongo akaomba jembe.

Familia ya Baranaba haikuhamia Kyerwa. Evaristi alianza kubeba kabla ya Krismasi, na wadogo zake wakafuata, na wa kwanza kubebwa nao alikuwa Ta Rujumba, kwa kifua chake kile. Waliponiambia hivyo nilicheka, Mungu anisamehe. Baba alipofika siku zake, miaka baadaye, walimbeba wao kutoka hapa mpaka kwa nesi na kutoka kwa nesi mpaka hapa, na haikugusa chini. Alikuwa na fahamu bado. Nilitembea ubavuni mwake, nikamsikia akiwauliza kama wamechoka, na Evaristi akamjibu, "Tumeshakaribia, baba." Sijui kama alimkumbusha makusudi. Baba alifumba macho akatabasamu.

Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri pa kuishia, na wachungaji wanapenda nikiwasimulia mpaka hapo. Ila mimi naishi huku, na kila asubuhi naona kinachoendelea. Evaristi ana watoto wawili, na mkewe alipofunga duka, kama angesema Ta Rujumba, hakuna aliyenyanyua mdomo. Nani angethubutu mbele ya Jovina? Wadogo zake wana wawili wawili, mmoja ana mmoja. Mimi nina kijana mmoja, yuko Dodoma, naye ana binti mmoja ambaye Jumapili ananisalimia kwenye simu kwa aibu kama anaongea na mwalimu. Kaka yangu Projesti alishatangulia. Mabinti wa Jovina mmoja yuko Bukoba, mwingine alisema mapema kabisa kwamba hatazaa, na mama yake akamwambia sawa. Vijana wa bondeni walioleta mabega wamezaa watoto walioyabeba mabega hayo kwenda Mwanza na Kahama. Darasa la kwanza pale shuleni lina madawati yanayokaa matupu. Migomba inaanguka na mikungu yake kwa kukosa wa kuiegemezea miti. Ukipita hapa mchana utasikia redio nyingi, kila nyumba ya kwake, na mbele ya kila redio kuna kikongwe mmoja anayesikiliza taarifa za vifo. Nimlaumu nani? Mwanamke aliyeamua asife akizaa siwezi kumlaumu, nimeona shuka lile. Kijana aliyekwenda kutafuta maisha pia simlaumu, kibanja hakigawanyiki tena. Bonde limeshatupatia watu wake, na bonde jingine silioni. Usiku najiuliza swali la baba, na linaniuma zaidi kwa sababu nilimwona mjinga alipoliuliza.

Jovina alianza kwa homa na miguu kuvimba. Alipozidiwa njia ilikuwa imekatwa na mvua, bodaboda hazipandi, na mimi na Evaristi na mkewe tukawa tunaangaliana. Evaristi sasa ana mgongo mbovu. Alipiga simu. Vijana walifika kesho yake jioni, watoto wake na wa wadogo zake, wametoka Mwanza na Kahama na nguo zao nzuri, na walimkuta Jovina ameshafumba macho, mimi nimeushika mkono wake. Hakuwa amelalamika. Alisema tu asubuhi ile, "Wifi, msihangaike na mabega." Nikamwambia nyamaza wewe, wanakuja. Akanyamaza.

Walimfungia jeneza lake kwenye engozi ile ile, maana kanisa liko mbali na ndiyo njia pekee ya kupita matope. Walitembea vizuri. Mmoja, mjukuu wa Baranaba, kijana mrefu anayeitwa kwa jina la babu yake, alikuwa hajawahi kubeba mtu maishani mwake, ikabidi Evaristi atembee pembeni akimwelekeza namna ya kupokea bila kusimama. Haikugusa chini. Tulimzika nyuma ya mgomba wa zamani, mwanawe katikati, yeye upande mmoja na Nyogokuru upande mwingine, kama alivyokuwa amesema siku nyingi.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanaondoka, kazini walipewa ruhusa fupi. Baranaba yule kijana aliileta engozi jikoni kwangu, ameshaiosha matope, akaanza kuinyanyua juu ya boriti. Hakuhitaji hata kusimama kwenye kigoda.

"Shangazi, pale pale ilipokuwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Itundike ukutani. Chini."

"Si itakosa moshi? Wadudu wataila."

"Najua, mwanangu. Lakini tuliobaki hatufiki huko juu."

Akaishikilia vile vile hewani, ananiangalia, na niliona anatafuta neno la kuniambia, kwamba watakuja, kwamba nipige simu tu. Hakulisema, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Akaishusha, akatafuta msumari na jiwe, akasimama mbele ya ukuta.

"Nyoosha mkono, Shangazi, nione."

Nikaunyoosha mpaka bega liliponikatalia. Akapigilia hapo.